Mwanangu ameitwa kwenye mieleka ya kambi za likizo, nimwache aende?

Swali: Kaka, mwanangu ana miaka 19, amezaliwa hapahapa Leicester, na kwa miaka miwili amekuwa akienda kujifunza mieleka kila Jumapili. Sasa promota mmoja amemwita azunguke naye majira yote ya joto kwenye kambi za likizo: Skegness, Minehead na kwingineko. Baba yake anasema huo ni uhuni wa kuvaa chupi mbele za watu. Mimi naogopa mgongo wake. Wanapigana kweli? Kuna pesa? Au atarudi Septemba na kiuno kibovu na mifuko mitupu? (Mama wa kijana, Leicester)

Jibu: Dada yangu, nianze na la baba yake kwa kuwa ni jepesi. Hiyo anayoiita chupi ni vazi la kazi, na vijana wengi siku hizi huvaa suruali ya kubana hadi kwenye buti. Mwambie mzee atulie. La mgongo lina uzito, la pesa lina uzito zaidi, na kuna jingine hukuniuliza ambalo kwangu mimi ndilo la kwanza: barabara. Nitayafikia yote. Nimekuwa refa kwenye maonyesho hayo kwa misimu kadhaa, na kabla ya urefa nilikuwa mfunga ulingo, yule anayeuunganisha kabla ya onyesho na kuufumua baadaye, kwa hiyo nakueleza kama mtu aliyesimama hatua mbili kutoka pale mwenzake anapoanguka.

Wanapigana kweli? Mshindi anajulikana kabla watoto hawajaketi. Wawili wanaokutana hukubaliana mwanzo, mwisho, na vituo viwili vitatu vya katikati. Mengine huambiana kwa kunong'ona humohumo ulingoni, mdomo umefichwa nyuma ya bega la mwenzake, au humtuma refa apeleke ujumbe. Mpango unaishia hapo. Ulingo wenyewe ni fremu ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao sponji nyembamba, kisha turubai. Mbao zinanepa kidogo na zinapiga kelele sana, na kelele hiyo ndiyo nusu ya biashara. Lakini mtu wa kilo 90 akitua chali, ametua kweli. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kumkamata mtu: kidevu kifuani ili kisogo kisiguse, pumzi itoke, mgongo wa juu utue bapa, mikono ipige turubai kwa wakati mmoja ili mshindo usambae. Kijana makini anaweza kulishika hilo kwa miaka miwili ya Jumapili. Usimwambie akuonyeshe sebuleni, meza yako itaumia.

Kwa wasomaji wa nyumbani wanaojiuliza kambi hizi ni za nini: jeshi halimo. Billy Butlin, mzaliwa wa Cape Town aliyekulia kwenye biashara ya bembea na michezo ya maonyesho, alifungua ya kwanza Skegness, pwani ya mashariki ya Uingereza, mwaka 1936. Familia ya mfanyakazi wa kiwandani ilipata kijumba, chakula na burudani kutwa kucha, na tangazo lake lilikuwa likizo ya wiki moja kwa mshahara wa wiki moja. Mwaka 1938 Bunge likapitisha sheria ya likizo yenye malipo, na vita vilipokwisha kambi zikafurika. Butlin's ilifikia kambi tisa, moja yake huko Mosney, Ireland. Fred Pontin naye alianza zake Brean Sands mwaka 1946. Mieleka iliingia humo pamoja na wachekeshaji, bendi na mashindano ya warembo, na haijatoka.

Wakati huo mieleka ya Uingereza ilikuwa kitu kikubwa. Kituo cha televisheni cha ITV kilianza kuionyesha mwaka 1955, na kwa miaka mingi Jumamosi saa kumi alasiri nchi nzima ilikuwa ikimtazama Mick McManus, na baadaye Big Daddy na Giant Haystacks, mijitu miwili iliyojulikana na kila bibi. Desemba 1988 ITV kikaizima. Kumbi za miji zikapungukiwa watu, na wanamieleka wengi wakategemea kambi na kumbi za miji ya pwani ili wale. Aliyeshika usukani wa mizunguko hiyo kwa muda mrefu kuliko yeyote ni Brian Dixon wa Birkenhead, na kampuni yake ya All Star, mpaka alipofariki mwaka 2023. Ukimsikia mwanao anaitaja kazi hii kwa heshima, sababu ni hiyo. Televisheni ilipowatupa, kambi ziliwaokota.

Leo Butlin's imebaki na kambi tatu: Skegness, Minehead na Bognor Regis. Pontins ilifunga za Prestatyn, Camber Sands na Southport kati ya mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024. Kuna pia viwanja vya karavani vinavyoita wanamieleka wakati wa likizo za shule. Kwa hiyo kazi ipo, lakini mzunguko umefupika kuliko ule ambao wazee wanausimulia, na vijana wanaougombea wameongezeka.

Sasa nikueleze kwa nini, pamoja na hayo yote, nisingekuwa mwepesi wa kumkataza.

Kwenye ukumbi wa mji, aliyekuja amekata tiketi ya mieleka. Anawajua wanamieleka kwa majina, anakuja kila mwezi, na anataka jipya. Kambini ni kinyume. Burudani imo ndani ya bei ya likizo, kwa hiyo familia inaingia kwa kuwa mvua inanyesha, au kwa kuwa foleni ya kuogelea ni ndefu. Baba ana bia mkononi, mama anatafuta kiatu kimoja cha mtoto, mtoto mwenyewe ana aiskrimu. Hakuna anayekujua, hakuna aliyekulipia, na mlango uko wazi. Ukiwachosha wanaondoka mbele ya macho yako, na hawaoni haya. Una dakika mbili tatu za kuwafanya watu hawa wakupende au wakuchukie.

Kisha kuna jambo la pili, ambalo shule yoyote ya mieleka haiwezi kumpa. Wageni wa kambi hubadilika. Waliofika Ijumaa huondoka Jumatatu, waliofika Jumatatu huondoka Ijumaa. Ina maana mwanao anaweza kucheza pambano lilelile, na mtu yuleyule, wiki baada ya wiki, mbele ya watu ambao hawajaliona. Jumapili ataanguka na kubaki chini kidogo tu, watoto watapiga kelele kiasi. Alhamisi atabaki chini zaidi, ainue mkono mmoja, auangushe, auinue tena, na ukumbi utatetemeka. Hajabadilisha chochote ila muda. Kijana anayepigana mara moja kwa mwezi kwenye ukumbi wa kanisa atahitaji miaka kuligundua hilo.

William Regal, ambaye wapenzi wa WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, wanamjua kama bwana mkubwa mwenye dharau, alianza akiwa na miaka 15 pale Pleasure Beach, bustani ya michezo ya Blackpool, kisha akapita kwenye kambi hizi kabla ya kwenda Marekani mwaka 1993. Baadaye akawa mwalimu wa vijana wa WWE. Bryan Danielson naye, Mmarekani, alikuja Uingereza kufanya kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, miaka kadhaa kabla ya kuwa bingwa wa dunia. Hakuja kujifunza mitupo, maana mitupo alikuwa nayo kuliko karibu wote aliowakuta. Alikuja mahali ambapo mtu hupanda ulingoni karibu kila siku, mbele ya watu wasiomjua.

Onyesho lenyewe lina umbo lisilobadilika sana. Mapambano matatu au manne, mapumziko katikati, na mwisho timu mbili za wawili wawili, au watu wote ulingoni kwa pamoja hadi abaki mmoja. Daima kuna stelingi na kuna mkorofi. Stelingi huingia akigonga viganja vya watoto kandokando ya njia, na akimruka hata mmoja, mtoto huyo atalia. Mkorofi huingia bila muziki wa maana, anachukua kipaza sauti na kuwaambia watoto wanyamaze. Basi. Ni ujanja wa kale kuliko wote, na bado sijaona ukumbi ulionyamaza. Akishawaambia mara ya tatu, hata yule baba mwenye bia amesimama.

Kazi ya refa hapo, nikuambie kwa fahari, ni kuwa mjinga kuliko watu wote ukumbini. Mkorofi anamkaba stelingi kwa kamba, watoto mia kadhaa wananionyesha kwa vidole, mimi namkaripia mtu mwingine upande wa pili. Nageuka, kamba imekwisha fichwa. Natoa onyo la hadharani kwa asiye na kosa. Nimewahi kufuatwa na bibi mmoja hadi mlango wa nyuma, mkoba umeinuliwa. Lakini chini ya ujinga huo refa ana kazi ya kweli. Mtu akianguka vibaya namshika mkono kana kwamba namchunguza kwa ajili ya kuhesabu. Akinibana kiganja, yuko salama. Asiponibana, napishanisha mikono juu ya kichwa iwe alama ya X, na kila aliye nyuma ya pazia anajua kwamba hii sasa haijapangwa. Mwulize mwanao kama amefundishwa kubana kiganja. Akikutazama bila kuelewa, hayuko tayari.

Kutoka ulingoni haimalizi siku. Wakati wa mapumziko anakaa mezani kuuza picha, vinyago na mikanda ya plastiki, na mara nyingi faida ya meza ndiyo inayolipia mafuta. Na kwa kuwa wageni wamelala hapohapo kambini, atakutana nao kwenye foleni ya chipsi. Mkorofi mwenye akili hachukui chipsi zake huku akicheka na watoto waliomzomea saa moja iliyopita. Huvuta uso, huchukua, huondoka. Nawajua waliokula ndani ya gari msimu mzima kwa sababu hiyo.

Barabara, sasa. Skegness iko pwani ya mashariki, Minehead iko Somerset kusini-magharibi, na kati yake ni karibu kilomita 400 kwa gari. Bognor Regis iko kusini kabisa. Promota hapangi ratiba kwa kufuata ramani, anapanga kwa kufuata siku ambazo kambi zimempa. Kwa hiyo inawezekana kabisa onyesho liishe saa tatu usiku Minehead, ulingo ufunguliwe, mbao na vyuma vipakiwe, na kesho saa saba mchana vijana walewale wawe Skegness wanaufunga tena. Nani anafunga ulingo? Wanamieleka wachanga. Kijana wa miaka 19 atabeba mbao kabla ya kupigana na baada ya kupigana, kisha kuna uwezekano mkubwa ataambiwa ashike usukani kwa kuwa hanywi.

Hapo ndipo ninapotaka uwe mkali, dada. Kwenye mapambano nimeona meno yakitoka na mabega yakiteguka, lakini hofu kubwa niliyopata ni kwenye gari, saa nane usiku, dereva akitikisa kichwa ili asisinzie na wote wengine wamelala. Na sheria haitamsaidia sana: tangu Desemba 2021 mtu mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo anaruhusiwa kuvuta trela ya hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada. Ulingo huenda kwenye trela. Ruhusa anayo, uzoefu hana. Tena bima ya kawaida ya gari lake binafsi, ile ya kwenda dukani na chuoni, kwa kawaida haihesabu safari za kazi ya kuzunguka wala kubeba wenzake na vifaa vya promota. Akigonga, kampuni ya bima itauliza alikuwa akienda wapi.

Masharti ambayo mimi ningempa: baada ya onyesho la usiku haendeshi zaidi ya saa mbili, na ratiba ikilazimisha zaidi, walale. Kambi nyingine huwapa wanamieleka kijumba cha kulala, nyingine hazitoi. Aulize kabla, na jibu liwe kwenye maandishi.

Sasa ile hofu yako ya mgongo. Sitakuficha kwamba watu wameumia, na wamekufa. Agosti 1987, kwenye ukumbi wa Hippodrome, Great Yarmouth, mji wa pwani wakati wa msimu kama huu, mwanamieleka Mal Kirk alianguka na kufariki baada ya Big Daddy kumtulia juu mwishoni mwa pambano. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo kipimo cha moyo kabla ya msimu si deko. Dynamite Kid, kijana wa Golborne ambaye wengi wanamhesabu kuwa fundi kuliko wote waliotoka nchi hii, aliishia kwenye kiti cha magurudumu kwa kuharibika mgongo, na alifariki mwaka 2018 akiwa na miaka 60. Yeye aliumizwa zaidi na miaka ya Marekani, Kanada na Japani, kwa staili ya kujirusha kutoka juu ya kamba kila usiku kana kwamba mwili unauzwa dukani.

Kambi, kwa bahati, hazitaki hayo. Mtoto wa miaka saba hajali kama umepinduka hewani mara moja au mara mbili. Anajali kama yule mbaya atapata alichostahili. Mkongwe wa kambi anaweza kuendesha pambano la dakika 15 kwa kuanguka mara chache tu, sehemu kubwa ikiwa ni kukimbizana, kubishana na mimi na kugeukia watu. Wanaoumia kwa haraka ni vijana wanaotaka kuonyesha kila walichojifunza mbele ya watu ambao hawakukiomba. Mwambie akubali kupangwa na wakongwe, awasikilize, na abaki chini wanapomwambia abaki chini.

Kichwa ni habari tofauti, na hapo sina mzaha. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi za chini unasema aliyepata mtikisiko wa ubongo asirudi kwenye mashindano kabla ya siku 21, hata kama anajiona mzima. Likizo ndefu ya shule ina wiki sita hivi. Piga hesabu: kisogo kikigonga ubao mara moja, nusu ya msimu imekwenda, na pamoja nayo nusu ya mapato. Ndiyo maana vijana huficha. Wanasema wamechoka tu, wanameza dawa ya maumivu, wanapanda. Mwaka 2021 kikundi cha wabunge kilichochunguza mieleka nchini humu kilitoa ripoti iliyoeleza wazi kwamba mchezo huu umeangukia kwenye pengo: hauendeshwi kama michezo mingine yenye chama cha kuusimamia, na hauhesabiwi sawasawa kama sanaa ya jukwaani. Ulinzi wa vijana, huduma ya kwanza, majeraha ya kichwa, vyote vinategemea nia njema ya promota. Kwa hiyo makubaliano ya kichwa yafanyike nyumbani kabla hajaondoka: akigonga kichwa anakupigia simu wewe, na wewe unamlipia wiki tatu hizo ikibidi, ili asiwe na sababu ya kuficha.

Pesa nitazipitia haraka kwa sababu hazina mengi. Hulipwa kwa onyesho, na anayeanza hupata kidogo. Karibu wote huhesabiwa kuwa wamejiajiri wenyewe, na hiyo ina maana kima cha chini cha mshahara hakimhusu, malipo ya ugonjwa hayapo, na kodi ni juu yake. Akiingiza zaidi ya pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi kabla ya kutoa gharama, inabidi ajiandikishe HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, ifikapo tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka huo wa kodi kuisha, na fomu aijaze mtandaoni kabla ya Januari kumalizika. Mafuta, buti na vazi la ulingoni ni gharama za kazi, atunze risiti. Akitoa mafuta, chakula cha vituo vya barabarani na saa za kubeba mbao, atakuta mwenzake aliyekaa kwenye kaunta ya duka kubwa hapohapo Leicester amemzidi. Aende akijua hivyo.

Na kwa wazazi wengine wanaosoma hapa, ambao vijana wao wako Uingereza kwa viza ya mwanafunzi: hapana. Viza hiyo inakataza kujiajiri, inakataza kazi ya mwanamichezo wa kulipwa na inakataza kazi ya mburudishaji, hata wakati wa likizo. Kupanda ulingoni kwa malipo kunaweza kumkosesha masomo na nchi kwa pamoja. Wako amezaliwa huku, lakini hakikisha ana pasipoti ya Uingereza au haki ya kudumu, maana kuzaliwa tu hakumfanyi mtu kuwa raia kama wakati huo hakuna mzazi aliyekuwa raia au mwenye ukaazi wa kudumu.

Kuna jambo ambalo mwanao pengine hajakuambia kwa kuwa hajalifikiria. Ataitwa nani?

Mwanamieleka mchanga hupewa sura na promota. Mweusi au mwenye asili ya Afrika, kwa miongo mingi, alipewa sura moja. Wakati wa enzi ya televisheni alikuwepo Masambula, aliyetangazwa kutoka Gambia, akipanda ulingoni na ngozi ya chui kama mganga wa kienyeji. Johnny Kwango alikuwa mzaliwa wa London, lakini jina hilo lilimfikisha msituni kabla hajafungua mdomo, na alijulikana kwa kumpiga mpinzani kwa kichwa chake. Wote wawili walikuwa mafundi wa kuchekesha na kusisimua, watu waliwapenda, na siwezi kuwadharau kwa kula mkate uliokuwepo. Clive Myers, mzaliwa wa Jamaica, alipasua njia tofauti: alisifiwa kwa kasi na ufundi, na akaitwa Ngumi ya Chuma. Hata huko Marekani, Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, aliingizwa WWE mwaka 2008 kama Mjamaika, akaongea lafudhi isiyo yake. Aprili 2019 alipotwaa ubingwa wa WWE alikuwa amesharudi kuwa Mghana zamani.

Mambo yamebadilika, sisemi hayajabadilika. Lakini promota mwenye haraka bado atafungua sanduku la zamani akimwona kijana mweusi mwenye jina la Kiswahili. Mwanao awe amejiandaa na wazo lake mwenyewe kabla ya kupewa la mtu. Jina la Kiswahili ulingoni ni zuri kabisa. Watoto wa Kiingereza hutamka Simba bila shida, wamelelewa nalo. Ila ajue tofauti ya kuwa Simba anayeingia akipunga mkono na kuwa mshenzi anayeburutwa kwa mnyororo. Akikataa la pili kwa adabu na kuleta wazo bora, mapromota wengi watalichukua, kwa sababu limewapunguzia kazi. Asiyelichukua amejieleza.

Ana mbele yoyote? Wachache sana hufika kwenye televisheni ya Marekani, na wanaofika hawakai kambini muda mrefu. Wapo wengine, ambao hawaandikwi, waliofanya misimu kadhaa kisha wakawa walimu wa michezo, waigizaji wa watoto, wasimamizi wa jukwaa, madereva wa malori ya bendi. Kijana aliyezoea kuwanyamazisha au kuwaamsha watu mia tano kwa jicho moja hapati tabu mbele ya darasa. Ninaowahurumia ni wale waliofika miaka 40 bado wanasubiri simu ya Julai, magoti yamekwisha, hawana akiba wala cheti kingine. Kwa hiyo msimu mmoja, sawa. Wa pili, sawa kama wa kwanza ulimfundisha. Chuo kisubiri miezi, kisisubiri miaka.

Kabla ya kutoa baraka zako, fanya mawili. La kwanza, nenda ukaone onyesho la promota huyo huyo. Butlin's huuza tiketi za siku moja, huna haja ya kulala. Usikae mbele. Kaa pembeni ambapo unaona mlango wa nyuma, utazame wanavyoshikana mtu anapoumia, na nani anabeba mbao watu wakishaondoka. Kama mwenye kampuni yuko humo anabeba pia, ni dalili njema.

La pili ni bima. Promota atasema anayo, na atakuwa anasema kweli. Lakini mara nyingi iliyopo ni bima ya dhima kwa umma: mtoto akiangukiwa na kizuizi, inalipa. Mwanao akivunjika mfupa wa bega, hospitali ya umma ya NHS itamtibu bure, na bima hiyo haitamlipa hata senti ya maonyesho aliyoyakosa. Anahitaji bima yake ya ajali, inayotaja mieleka ya kulipwa kwa jina, kwa kuwa nyingi huiweka kwenye orodha ya michezo isiyolipiwa. Aiombe ofa kwa maandishi, na uanze kusoma ukurasa wa visivyolipiwa kabla ya ule wa bei. Ukikuta kifungu hukielewi, niandikie.